Kabla hujaiamini modeli yako, hesabu TBP iliyobaki

"Kaka, shikamoo. Modeli yangu inakubaliana na data zote za maabara lakini msimamizi kaikataa. Nifanyeje?"

Ujumbe huu uliniingia Jumanne usiku, usingizi ukaniruka. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwenyewe, nimesimama mbele ya jopo la watu watano.

Nilikuwa nachenjua urani kwa kiyeyushi. Urani ipo kwenye asidi ya nitriki. Unaitikisa na TBP (tributili fosfeti, kiyeyushi kinachoikamata urani) ya asilimia 30 iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa yaliyosafishwa, nayo inahamia kwenye tabaka la mafuta. Miezi minne nilitikisa faneli, nafungua koki kutoa gesi, nasubiri matabaka yajitenge, la juu limeshika rangi ya njano hafifu. Data zangu zilikuwa safi, na hadi leo najivunia. Ila nilipima miyeyusho myepesi tu, nikapata uwiano mmoja wa mgawanyo (urani iliyo kwenye mafuta kwa ile iliyobaki kwenye asidi), nikaufanya namba isiyobadilika ndani ya modeli yangu.

Mzee mmoja wa jopo akauliza: "Modeli yako inasema gramu 160 za urani kwenye lita ya mafuta. TBP ya kuzibeba umeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudishwa mwaka mzima. Wenzangu walivaa majoho, na mama alikuwa ameshashona gauni la mahafali.

Hesabu yenyewe ni ya dakika mbili, ndiyo maana bado inaniuma. TBP ya asilimia 30 ni takriban moli 1.1 kwa lita. Kila uranili (ioni ya urani yenye oksijeni) inashikwa na molekuli mbili za TBP, kwa hiyo mwisho ni moli 0.55 za urani, gramu 130 hivi. Na kabla hujafika huko mambo yameshageuka: kwenye gramu 100 kwa lita, TBP huru imebaki kama moli 0.26, na kwa kuwa uwiano unafuata mraba wake, unashuka karibu mara 18. Hapo sijagusa asidi ya nitriki, ambayo inagombea TBP ileile. Ukiipandisha kupita moli 5 au 6 hivi kwa lita, uwiano wa urani unaanza kushuka.

Mdogo wangu, anza na mlinganyo wa TBP: jumla ni iliyo huru, na mbili kwa kila urani, na iliyoshikwa na asidi. Utatue pamoja na mlinganyo wa msawazo (hali ambapo mgawanyo wa urani kati ya matabaka umetulia), ukirudia hadi namba zitulie. Kisha rudi maabara upime miyeyusho mizito. Usiseme muda hakuna. Vijana tunapenda mno mstari unaopita katikati ya vitone, tunasahau kujiuliza vitone vimetoka wapi. Pima mizito. Nasema tena, pima mizito.

Mwaka uliofuata nilisimama mbele ya jopo lilelile. Mzee akafungua jedwali la TBP huru, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho, akashuka nacho namba moja moja. Akaifunga tasnifu, akaniuliza kama mama amekuja.