Mwanangu ana siko seli, mama mkwe anasema nimeileta mimi

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Sengerema, mwanangu wa kwanza ana miaka 6 na ana siko seli (ule ugonjwa wa damu, selimundu), tulijua akiwa na mwaka mmoja mikono na miguu ikavimba analia usiku kucha, watu wakasema karogwa. Sa hivi kila akiumwa mama mkwe anasema kwao ugonjwa huo haupo nimekuja nao mimi, na baba yake ananyamaza tuu. Mwalimu naye analalamika mtoto kila saa anaomba kwenda chooni, na usiku bado anakojoa kitandani, nimemchapa mpaka najuta. Alafu nina mimba ya miezi minne. Naogopa jamani.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo fimbo tupa. Siko seli inaziumiza figo zinashindwa kurudisha maji mwilini, mkojo unakuwa mwingi, alafu sisi wenyewe tunamwambia anywe maji mengi, sasa hayo maji yaende wapi? Muamshe mara moja usiku. Kliniki waombe barua umpelekee mwalimu, mtoto akae na chupa yake ya maji na atoke bila kuulizwa ulizwa.

Kuhusu mama mkwe, mtoto hapati siko seli mpaka arithi kwa baba NA kwa mama, yaani baba yake naye kabeba hata kama hajawahi kuumwa hata siku moja. Nendeni mkapime wote wawili (sio grupu la damu ee, hicho ni kipimo kingine, wengi wanachanganya) akinyamaza tena karatasi itaongea yenyewe.

Mimba sasa. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa mgonjwa, ile hesabu ya mtaani kwamba akishaumwa mmoja watatu wanaofuata wako salama ni uongo. Huyu anayekuja apimwe mapema usisubiri avimbe vidole, maana penisilini ya kinga wanapewa tangu wachanga mpaka miaka 5.

Na huyo mkubwa, homa ikifika 38 usimpe panadoli ukangoja asubuhi, ni bodaboda usiku huo huo. Muombe nesi akufundishe kushika bandama, kushoto chini ya mbavu, ikivimba ghafla na mtoto kapauka kimbia. Neti kila siku, maji ya baridi asioge. Alafu muulize daktari haidroksiyurea, watu wanaiogopa wakisikia ni dawa ya kansa lakini inapunguza sana yale maumivu.

Baba yake mwambie shangazi kasema Jumatatu haendi kazini mpaka atolewe damu.