Umemetuli Tanga: kwenu walimu wapya wa fizikia

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo naona rula ya plastiki ikisuguliwa asubuhi na mapema na vipande vya karatasi vikigoma kunyanyuka. Wadogo zangu, nawapenda, ila hili tulimalize.

1. Hewa ya Tanga ni sehemu ya jaribio. Wengi mmesomea bara, kule ambako wakati wa kiangazi hata sweta ukilivua linaalika. Huku pwani hewa imejaa mvuke. Utando mwembamba wa maji unatanda juu ya rula, na chaji, yaani umeme uliouhangaikia kwa kusugua, inavuja kabla hujaifikia karatasi. Jasho la kiganja ndilo linamalizia. Coulomb mwenyewe, Mfaransa aliyepima kani kati ya chaji, baada ya kueleza mizani yake ya msokoto mwaka 1785, aliandika tasnifu nyingine kuhusu jinsi chaji inavyopotea kwenye hewa yenye unyevu.

Kinachoniuma ni kinachofuata. Mwalimu anawaambia watoto, "Chukulieni karatasi imenyanyuka," kisha anaandika matokeo ubaoni, nao wananakili. Siku hiyo wamejifunza kwamba fizikia ni ya kukariri, na kuwatoa hapo ni kazi ya mwaka mzima. Msifanye hivyo, tafadhali. Ikigoma, waulize chaji imekwenda wapi. Mmoja atasema mkononi, mwingine hewani, na hapo mmeshaingia kwenye vipitishi (vinavyopitisha umeme) na vihami (vinavyouzuia) bila kusubiri wiki ijayo.

Kisha osha rula kwa sabuni, isuuze, ianike juani pamoja na kitambaa na karatasi. Mawingu yakitanda, omba jiko la mkaa jikoni, uipitishe kwa mbali isije ikapinda. Shika ncha moja tu. Rudia mchana jua likiwa kali. Vipande vitaruka, na ukitazama kwa makini utaona vingine vikigusa rula vinatupwa kando, kwa sababu vimechukua chaji ileile. Waite watoto wasogee waone hilo. Usilisimulie.

2. Kuvutana hakuthibitishi kwamba vitu vyote viwili vina chaji; karatasi haikuwa nayo. Kufukuzana ndiko kunakothibitisha.

3. Ukichaji elektroskopu (kifaa ambacho jani lake jepesi hunyanyuka kikiwa na chaji) kwa kuigusa kwa kidole huku fimbo yenye chaji iko karibu, ondoa kidole kwanza, fimbo baadaye. Ukigeuza, jani linalala.

4. Hesabu za Coulomb. Chaji za maikrokoulombu 2 na 3, zikiwa sentimita 30 mbali, kani ni nyutoni 0.6. Anayesahau kwamba maikro ni 10⁻⁶ anapata 6 × 10¹¹, uzito wa tani milioni 60, na anapigia mstari bila wasiwasi wowote! Mzoesheni mwanafunzi kulitilia shaka jibu lake kabla hajakupa daftari.

5. Amita, kipima mkondo, huungwa mfululizo; voltimita, kipima volti, sambamba. Ukinzani wa amita ni mdogo mno. Ukiiunga moja kwa moja kwenye ncha za betri, unaiunguza. Pita meza kwa meza ukague waya kabla mtu yeyote hajagusa swichi.