Kuiacha dunia si kuacha kumlilia mama

Mdogo wangu, pole sana kwa kufiwa na mama yako. Umeuliza mawili: kama ni kweli, alivyokwambia kiongozi wa kundi lenu la sala, kwamba Mkristo aliyeiacha dunia hamlilii maiti, na kama ugawe vitu vyote vya mama upesi, hata cherehani, ili moyo usishikwe na mali.

La kwanza halinipi tabu. Lia. Yesu alikwenda kaburini kwa Lazaro akijua atamfufua, na bado Yohana 11:35 inasema, "Yesu akalia machozi." Mtakatifu Augustino alifiwa na mama yake, Monika, huko Ostia mwaka 387. Alimfumba macho, akajikaza asilie mbele za watu, hata akaenda kuoga akitumaini uchungu utapungua. Haukupungua. Baadaye, peke yake kitandani, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke mbele ya Mungu, na mwenyewe akayaandika bila kuyaficha. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike huzuni, aliwaambia wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini." Tofauti imo kwenye tumaini. Anayekuhesabia machozi anakutwika mzigo ambao Bwana hakukutwika.

La mali ni refu zaidi, na hapa nasema niliyoyapitia.

Sisi wa Pemba tunajua mkarafuu unavyomshika mtu. Baba yangu alituachia sisi ndugu shamba la mikarafuu la eka tatu, katika zile zilizogawiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka wa mavuno mazuri, watu waliokuwa wakila sinia moja wanaanza kuhesabiana miti na kuulizana makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yalikwenda wapi. Ugomvi wa namna hiyo ulifika na kwetu. Mimi ndiye mkubwa, na wengi walisema haki iko upande wangu. Upande wa pili alikuwa mjane wa ndugu yangu na watoto wake wadogo.

Nilikuwa nasoma 1 Wakorintho 7, pale Paulo anaposema wanunuao wawe "kama hawana kitu," kwa maana "mambo ya ulimwengu huu yanapita." Nikashika desturi moja: kila jioni nalitaja lile shamba kwa jina mbele ya Mungu, nikisema ni lako, likibaki kwangu sawa, likiondoka sawa. Mwanzo ulimi ulisema na moyo ukakataa katakata. Niliendelea hivyo hivyo. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wayesuiti, alifundisha kitu cha namna hiyo: mtu asitake utajiri kuliko umaskini, wala maisha marefu kuliko mafupi, ila achague kile kinachomfikisha kwa Mungu. Hakusema mtu asihisi. Alisema hisia isiwe ndiyo inayoamua.

Nikamwachia shemeji mavuno yote, na shamba likabaki mikononi mwake. Siku ya kumkabidhi nililia njia nzima. Mpaka leo nikipita mahali karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, ile harufu inanirudishia baba. Mapenzi hayakufa. Kilichoondoka ni ile hofu ya kuibiwa iliyokuwa ikinikatisha usingizi, na watoto wale wananiita shangazi bila kuangaliana.

Jirani yetu Mwislamu alipokuja kutuhani baba alipofariki, alisema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Nilimwitikia kwa moyo wote. Kuna vijiji hapa vina Wakristo wa kuhesabika, na neno hilo tunalisikia kila msiba. Tusiwe wa mwisho kulielewa.

Sasa cherehani ya mama. Usiigawe ili uonekane umeiacha dunia. Huko ni kutafuta sifa tu. Mtakatifu Antoni wa Misri, mmonaki wa jangwani, alipouza mali ya wazazi wake alibakiza kidogo kwa ajili ya dada yake, kisha akamkabidhi mahali salama pa kulelewa. Basi tazama nyumbani kwanza: wewe una mdogo wa kike anayejua kushona? Mpe yeye, ale kwa jasho lake. Kama hayupo, kaa nayo mpaka utakapoweza kuitazama bila kubabaika, kisha umpe atakayeitumia. Kanga zake ukitaka kubaki na moja, baki nayo.

Na Jumapili mwombe padri amtaje mama kwa jina katika sala za marehemu. Kanisani kwetu tunafanya hivyo, na hakuna atakayekushangaa ukilia.