Uliza sheli inaweza nini, usiulize inaitwa nani

Wiki iliyopita msomaji aliniandikia. Amehamia Mac, amebeba mipangilio ya sheli (programu inayopokea amri unazoandika) aliyoitunza miaka mingi kwenye Linux, na sasa kila akifungua terminali anaambiwa `dircolors`, amri ya kupanga rangi za orodha ya faili, haijulikani. "Kaka, nimekosea wapi?" Swali lake lilinitonesha kidonda.

Niliwahi kutunza seva za kampuni moja. Nikaipamba `.bashrc` yangu, faili la mipangilio ya sheli iitwayo Bash, kwa salamu, tarehe na nafasi iliyobaki kwenye diski. Kwenye Debian faili hilo huja na mistari michache juu kabisa, inayochungulia kama kigeu `$-` kina herufi i, yaani kama upande wa pili kuna mtu anayeandika. Niliiona haina kazi, nikaifuta. Usiku rsync, programu ya kunakili faili, ikaingia kwa SSH, njia salama ya kuunganisha mashine mbili, kuchukua nakala za akiba. Bash ikasoma `.bashrc`, ikatoa salamu yangu, na salamu ikaangukia katikati ya mazungumzo ya programu mbili. rsync ikakata kazi ikilalamika kwamba protokali hazilingani, halafu ikauliza kama sheli ni safi. Sikusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio. Siku nne zikapita bila nakala hata moja. Mkuu wangu alinisema mbele ya wenzangu, na mpaka leo nikikumbuka sauti yake uso unaniwaka.

Leo faili langu ni moja tu, na linafanya kazi kwenye Linux, Mac na FreeBSD bila kuguswa. Najivunia hilo, kwa sababu nimelilipia.

Basi ndugu yangu, kwanza, kama uliifuta, rudisha ile mistari ya `$-`. Kisha, ukilazimika kujua mfumo, tumia `uname -s`, amri inayotaja jina la mfumo, ndani ya `case`, inayochagua hatua kulingana na jibu: Mac hujibu Darwin, na Git Bash (Bash ya kutumia kwenye Windows) hujibu MINGW64_NT pamoja na mkia wa namba, kwa hiyo weka nyota mwishoni. WSL, Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, hujibu Linux kama Linux nyingine yoyote. `$OSTYPE`, kigeu kinachotaja mfumo, usiitegemee kwenye skripti za `/bin/sh`, sheli ya msingi ya mfumo. Sheli za Bash na zsh zinaijaza, sheli ya dash haiijazi, na kwenye Debian na Ubuntu `/bin/sh` ni dash.

Lakini mara nyingi huna haja kabisa na jina la mfumo. Unataka `dircolors`? Uliza `command -v dircolors`, inayoangalia kama amri hiyo ipo; ikiwepo itumie, isipokuwepo pita kimya. Alpine, Linux ndogo, nayo hujibu Linux, ila amri zake nyingi ni za BusyBox, mkusanyiko wa amri zilizopunguzwa, na chaguo ulizozizoea huenda zisiwepo. Ukiuliza jina utadanganyika, ukiuliza uwezo hutadanganyika. Acheni kunakili faili za watu mtandaoni bila kusoma kila mstari! Na kabla hujaondoka kwenye seva leo, endesha `ssh seva true` ukiwa kwenye mashine yako. Ikichapisha hata herufi moja, chunguza `.bashrc` kabla ya usiku kuingia.