Jirani amejenga etaji, nipande mti gani?

SWALI: Jambo papa wa bustani. Niko hapa Goma, karche (mtaa) Murara, parseli yetu iko juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002. Jirani wa nyuma amemaliza etaji yake (nyumba ya ghorofa) na sasa madirisha mawili yanaangalia moja kwa moja mu kiwanja chetu, pale tunakaaga mangaribi na kupika, hata kuanika nguo naona haya. Mzee anasema tupandishe ukuta, mimi nataka miti, lakini isiwe ya kupukutisha majani wakati wa kiangazi. Muuza miche ananiambia nichukue siprè (misipresi) ishirini nipange mustari ku ukuta. Nifanye je? Mama wa Murara.

JIBU: Jambo mama. Mbele ya kununua hata mche moja, weka kiti pale mnakaaga mangaribi, kaa, angalia dirisha la jirani, kisha umwambie mtoto asimame kati yako na ukuta na fito ndefu, aipandishe mpaka ncha ifunike lile dirisha. Akiwa ku ukuta ataipandisha sana, akikusogelea inashuka. Tuseme jicho la jirani liko mita 5 juu, nyumba yake iko mita 4 toka ku ukuta, na wewe umekaa mita 6 toka ku ukuta huohuo: mti wa ku ukuta lazima ufike kama mita 3 na nusu ndio ukufiche, lakini ule wenye kusimama mita 2 tu mbele ya kiti chako, mita 2 na kidogo inatosha! Hapo umeokoa miaka ya kungoja, na miche ishirini haina kazi tena, michache yenye kuwekwa pahali pake itakuficha.

Siprè sikushauri kabisa mama. Inapanda mpaka mita 20 na zaidi, na ukiikata sana mpaka kufika ku tawi lenye halina majani haichipuki tena pale, unabaki na pengo kavu la kahawia mbele ya macho kila siku. Tena ku lava ya juzi mizizi haipati njia ya kushuka, inatambaa juu ya jiwe, sasa mti mrefu hivyo na upepo wa ziwa na nyumba za mabati zimebanana, hapana. Miyenzi nayo, ile ya ua yenye vijiti vya kijani, inakaa kijani mwaka mzima na haisumbui, lakini maziwa yake yakiingia mu jicho la mtoto ni hospitali, na kwako watoto wanacheza palepale.

Mimi ningepanda musave mbili, ule mti wa maua ya njano kama tarumbeta. Ni wa huku kwetu, unakaa na majani, umbo lake jembamba, na ukiukata unachipuka, kwa hiyo urefu unauchagua mwenyewe. Kati yake weka drasena, ule mmea wa shina jembamba na majani marefu. Drasena ukipanda vipande vya urefu moja utapata majani yote juu na miguu wazi chini, kwa hiyo kata vipande vya nusu mita, vya mita moja, na vingine vya mita moja na nusu, viache kivulini siku chache kidonda kikauke, halafu vichanganye. Kila kimoja kitatoa majani kwa urefu wake na utapata pazia toka chini mpaka juu, tena vile virefu vinakupa urefu siku ileile ya kupanda.

Kazi ngumu ni shimo. Vunja lava kwa nyundo na mtaimbo, usiridhike na kibakuli kidogo, fika karibu mita moja kila upande kwa musave na uzidi kupasua chini yake ili mizizi ipate nyufa. Yale mawe usitupe, yatajenga kitu. Udongo ununue, chukudu (ile baiskeli ya mbao ya mizigo) itakuletea mifuko, uchanganye na samadi iliyooza vizuri, juu yake tandika majani makavu sababu lava inanyonya maji na jua linaipasha moto haraka. Panda mwezi wa kenda mvua ikirudi, na kiangazi cha kwanza, mwezi wa sita mpaka wa nane, kila mti umwagilie, hata kama ni maji ya kuoga. Na angalia juu pia: kama waya wa umeme unapita pale, sogeza shimo.

SWALI: Fikusi yangu imeanza kupasua ukuta, nikipunguza majani itatosha? Wa Katindo.

JIBU: Haitatosha ndugu, mizizi itaendelea kunenepa tu, na ikifika ku tangi la maji hasara itakuwa kubwa kuliko ukuta. Ing'oe na kisiki chake, sababu kisiki cha fikusi kinachipuka. Kisha panda avoka, lakini mbali, mita 5 ao 6 toka ku ukuta, nayo haibaki uchi na mtakula.