Kutoka joto la Dar kwenda Januari ya London

Ndugu, umeuliza ujiandae vipi kurudi London Januari baada ya miaka saba Dar es Salaam. Dar mwezi huo mchana hufika nyuzi 31 au 32. London ni kama 8, usiku 2 au 3. Lakini kinachochosha zaidi ni giza: jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na huzama kati ya saa kumi na saa kumi na moja kasorobo jioni. Ndiyo maana huko hushauriwa vitamini D mikrogramu 10 kwa siku, Oktoba hadi Machi. Anza mara tu ukifika.

Vaa kwa tabaka: fulana nyembamba ya sufu mwilini, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo wala mvua. Fulana ya pamba hunyonya jasho ikabaki mbichi, ukisimama kituoni inakugandisha. Sweta ulizofungia kabatini huku pwani zitoe sasa, uangalie kwapani na kwenye kola, maana ukungu huanzia hapo. Fua, anika juani zikauke kabisa ndipo upange sanduku. Koti liweke kwenye begi la mkononi, tafadhali.

Ndani, hita hukausha hewa, na ngozi iliyozoea unyevu wa pwani hupasuka midomo na visigino. Paka mafuta ya mgando ukitoka kuoga, mwili ukiwa bado na majimaji.