Hexal na Sandoz kwenye pakiti moja

Ndugu, umeuliza kama dawa uliyoletewa kutoka Ujerumani ni bandia kwa kuwa pakiti ina jina la Hexal na la Sandoz pia. Hilo peke yake lisikutie hofu. Hexal ni kampuni ya dawa iliyoanzishwa 1986 na mapacha Thomas na Andreas Strüngmann, makao yake Holzkirchen karibu na Munich, ikitengeneza kwa bei nafuu dawa ambazo hataza zake (haki ya pekee ya mvumbuzi kuzitengeneza) zimekwisha. Mwaka 2005 waliiuza kwa Novartis, kampuni ya dawa ya Uswisi, ikaingizwa Sandoz, tawi lake la dawa za aina hiyo; ndiyo maana majina yote mawili yanaweza kuwa kwenye pakiti moja. Sandoz ilijitenga na Novartis 2023.

Mpelekee mfamasia pakiti nzima leo, usije ukakatiza dozi. Aangalie namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na kiambato kama ndicho alichoandika daktari.